Kikaango na Deni Lake: Historia ya Ugomvi wa Kukaanga Mayai

Wapo wanaoamini kwamba yai halijakaangwa mpaka litumbukizwe kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, ute wake ufure na kupiga mapovu, na kingo zake zikauke hadi kuwa za kahawia. Wapo wanaoona kuwa huko ni kuliunguza yai: kwao moto uwe mdogo, siagi iyeyuke bila kubadilika rangi, na ute ugande polepole ukiwa laini. Kuna na kundi la tatu lisilotaka kukiona kiini kikiwa kizima. Kwao yai ni la kupigwa kwenye bakuli pamoja na kitunguu na chumvi kabla halijaona moto. Ugomvi wa moto ukiisha, unaanza ugomvi wa chombo. Huyu anaapa kwa kikaango cha chuma cha bibi yake, yule kwa sufuria nyepesi ya alumini, na mwingine hamwelewi mtu ambaye hadi leo hajanunua kikaango kisichogandisha.

Mabishano haya huchukuliwa kuwa ya utani, na kwa kiasi fulani ni ya utani kweli. Hata hivyo, mwanahistoria hapaswi kuyadharau mambo ya jikoni. Jiko ni mahali ambapo uchumi wa dunia humfikia kila mtu kila siku, mara nyingi bila kubisha hodi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika makala haya nakusudia kuonesha kwamba kila chombo tunachokigombania kwa sababu ya ladha au urahisi kiliundwa mahali fulani, na watu fulani, kwa gharama ambayo mara nyingi haikulipwa na mla yai. Tukiifuata historia ya kikaango kutoka udongo hadi chuma, kutoka chuma hadi alumini, na kutoka alumini hadi kemikali, tutakuta kwamba kadiri chombo kilivyozidi kuwa chepesi mkononi, ndivyo mlipaji wa gharama yake alivyozidi kuwa mbali na macho yetu.

Moto, ute na kiini

Kwanza tuwatendee haki wagomvi wenyewe, kwa kuwa kila upande una hoja. Yai kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji hayo mna protini zilizojikunja kama uzi uliofumbatwa. Joto huzikunjua, zikashikana, na yai likaganda. Ute huanza kuganda joto likifika nyuzi 62 hivi. Kiini hungoja hadi karibu nyuzi 65, kikawa kigumu kadiri joto linavyokaribia 70. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uwanja mzima wa mapambano. Mwenye moto mkali anataka ute ukauke kabla joto halijakifikia kiini. Mwenye moto mdogo anataka vyote viwili vifike pamoja bila fujo.

Wahispania wengi wamo katika kundi la kwanza, na hata wana jina la kingo zilizokauka: huziita *puntilla*, yaani lesi, kama ile inayoshonewa pindo la nguo. Kundi la pili lina mtetezi mashuhuri, mpishi Mfaransa Fernand Point (1897–1955), aliyekuwa na mgahawa wa La Pyramide katika mji wa Vienne. Husimuliwa kwamba aliwapima wapishi wageni kwa kuwaagiza wakaange yai, na kwamba wengi waliponzwa na haraka. Wajapani kwa upande wao wana kikaango cha pembe nne ambacho kazi yake ni kukunjia mayai yaliyopigwa, tabaka juu ya tabaka. Dar es Salaam nayo imetoa mchango wake: mayai yaliyopigwa humwagwa juu ya chipsi kwenye kikaango kidogo kilichokaa juu ya mkaa, yakashikana nazo hadi kuwa kipande kimoja, na vijana wakakiita zege, kwa kuwa kokoto na saruji hushikana vivyo hivyo.

Lakini protini zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe hushika pia uso wa chombo. Ndiyo maana yai limekuwa mtihani wa kikaango katika kila zama. Nyama ikishika chini hukwanguliwa, na wali ukishika chini hupata wateja wake wa ukoko. Yai likishika chini limeharibika. Kwa hiyo historia ya kikaango inaweza kusomwa kama historia ya jitihada za kumzuia yai asishikane na chombo, na kila suluhisho lilikuja na masharti yake.

Udongo: chombo chenye mtengenezaji anayejulikana

Mwaka 1618, katika mji wa Sevilla nchini Hispania, kijana ambaye hajatimiza miaka ishirini aitwaye Diego Velázquez alichora picha ya bibi mmoja akikaanga mayai. Picha hiyo leo imo katika jumba la sanaa la taifa la Scotland mjini Edinburgh. Bibi ameshika kijiko cha mbao kwa mkono mmoja na yai kwa mkono mwingine; mbele yake mvulana amebeba tikiti na chupa ya divai. Mayai mawili yanaganda ndani ya mafuta, na chombo yalimo ni chungu cha udongo kilichokaa juu ya jiko la mkaa. Sevilla wakati huo ilikuwa bandari iliyopokea fedha kutoka migodi ya Marekani ya Kusini, utajiri uliochimbwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi. Bibi wa Velázquez hakuonja utajiri huo. Alikuwa na chungu.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kukishangaa chombo hicho. Neno letu kikaango limetokana na kitenzi kukaanga, na kamusi za zamani za lugha yetu zinalieleza kaango kuwa ni chungu cha kukaangia. Kabla ya chuma kuenea majumbani, kukaanga kwetu kulifanyika kwenye udongo, kama kule Sevilla. Chungu kilichotumika muda mrefu hunywa mafuta hadi uso wake ukawa laini, na yai huteleza juu yake vizuri, mradi mpishi asiwe na pupa.

Kilicho muhimu kwa hoja yangu ni mahusiano yanayokizunguka chungu. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa wanajulikana hadi leo kwa vyungu vyao, ambavyo hufikishwa sokoni na kuuzwa mbali na kwao. Mnunuzi wa chungu anaweza kumwona aliyekifinyanga. Anaweza kuuliza udongo ulichimbwa wapi, na kikipasuka kabla ya wakati, lawama ina mwenyewe. Sikusudii kuyapamba maisha ya wafinyanzi. Kazi yao ni ngumu na malipo yake ni madogo. Ninachosema ni kwamba gharama ya chombo hicho ilikuwa mbele ya macho ya mtumiaji. Udongo, kuni na mikono vilitoka katika mazingira yake mwenyewe.

Chuma na shaba: kikaango kinavuka bahari

Neno sufuria linatudokezea hatua iliyofuata. Asili yake ni Kiarabu, *sufr*, linalotaja shaba, hasa ile ya njano. Yaani hata jina la chombo tunachokiona cha kawaida kuliko vyote ni kumbukumbu ya biashara ya ng'ambo. Na shaba hiyo ya njano, katika upande mwingine wa Afrika, ilikuwa na kazi ya kutisha zaidi.

Mwaka 1702 Mwingereza Abraham Darby alikuwa miongoni mwa washirika walioanzisha kiwanda cha shaba njano huko Baptist Mills, Bristol. Bristol ilikuwa moja ya bandari kuu za biashara ya watumwa ya Uingereza, na vyombo vya shaba vilivyotengenezwa mjini humo, masufuria na mabeseni, vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Afrika Magharibi kubadilishwa na binadamu. Kiwanda cha vyombo vya jikoni kilihitaji soko, na soko mojawapo lilikuwa hilo.

Darby hakuishia kwenye shaba. Alitafuta njia ya kutengeneza vyungu vya chuma ambavyo mtu wa kawaida angeweza kuvinunua, na mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa kuondolewa moshi, badala ya mkaa wa miti. Wanahistoria wa uchumi huutaja mwaka huo wa 1709 kama moja ya milango ya mapinduzi ya viwanda. Tunapowafundisha wanafunzi mapinduzi hayo tunaanza na injini za mvuke na reli. Tungeweza kuanza na chungu, maana hataza ya Darby iliitangulia injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712.

Chuma kilichosubiwa kilimpa mpishi chombo kizito kinachohifadhi joto. Kikipakwa mafuta na kuchomwa tena na tena, mafuta hubadilika kuwa utando mweusi mgumu unaolizuia yai lisishike. Wapenzi wa vikaango vya chuma huuenzi utando huo kama urithi, na wana haki: kikemia ni polima, ndugu wa mbali wa plastiki, iliyoundwa jikoni kwa moto na uvumilivu. Haina hataza wala mmiliki. Anayekaanga mayai kila siku kwenye kikaango kilekile cha chuma anautengeneza bila kumlipa mtu. Nauomba msomaji aukumbuke utando huu, kwa sababu tutakutana na mshindani wake.

Alumini: uniti za umeme na vijiji vilivyozama

Chuma ni kizito na hupata kutu. Karne ya 19 ilileta mpinzani mwepesi. Mwanzoni alumini ilikuwa ghali kiasi kwamba mwaka 1884 Wamarekani walipoumaliza mnara wao wa kumbukumbu wa Washington, waliuvika ncha ya alumini kama kitu cha thamani. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1886, vijana wawili wasiofahamiana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote waliozaliwa mwaka 1863, waligundua kila mmoja kivyake namna ya kuitoa alumini kwa nguvu ya umeme. Bei ikaporomoka, na madini ya ncha ya mnara yakageuka kuwa sufuria.

Ugunduzi huo ulikuwa na njaa moja isiyoshiba: umeme. Kutoa kilo moja ya alumini huhitaji takriban uniti 14. Msomaji anayenunua LUKU anaweza kujipigia hesabu. Kwa sababu hiyo kampuni za alumini zilianza kuitafuta mito popote duniani, na mto mmojawapo ulikuwa wetu Waafrika: Volta, nchini Ghana.

Kwame Nkrumah aliota ndoto kubwa na yenye mantiki. Ghana ilikuwa na boksiti, udongo unaotoa alumini. Ilikuwa na mto. Ingejenga bwawa, ingeyeyusha boksiti yake, na ingeuza bidhaa iliyokamilika. Ujenzi wa bwawa la Akosombo ulianza mwaka 1961 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza. Mshirika wa kiwanda alikuwa kampuni ya Kimarekani ya Kaiser, iliyokuwa na sehemu kubwa ya hisa za Valco, kiwanda cha kuyeyushia alumini kilichojengwa Tema. Watu wapatao 80,000 kutoka vijiji zaidi ya 700 walihamishwa, na ziwa likayafunika mashamba, makaburi na mahali pao pa ibada. Nkrumah alilizindua bwawa hilo Januari 1966. Mwezi uliofuata alipinduliwa.

Na mkataba je? Valco ilipewa umeme kwa bei ya chini mno kwa mkataba wa muda mrefu, na haikuyeyusha boksiti ya Ghana. Malighafi ya alumini ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo, ikala umeme wa Volta, na chuma chepesi kikasafirishwa nje. Ilibidi kungoja miaka ya 1980, chini ya Jerry Rawlings, ndipo bei ya umeme ilipojadiliwa upya. Kwa miaka ishirini hivi Ghana iliuza kile ambacho ni vigumu kukiona kwenye kitabu cha hesabu: nguvu ya mto wake.

Sisemi kwamba sufuria iliyomo jikoni mwako imetoka Tema. Viwanda vya Mombasa na Dar es Salaam vimetengeneza sufuria za alumini kwa miongo mingi, na mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi hadi leo huzigonga kwa nyundo juani. Nasema kwamba alumini popote ilipo ni umeme ulioganda, na umeme huo ulitoka kwenye mto wa mtu. Hakuna mkaanga yai aliyewahi kuiweka hoja hiyo mezani wakati wa kubishana juu ya wepesi wa sufuria.

Unga mweupe

Tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya kampuni ya DuPont jimboni New Jersey, mkemia Roy Plunkett, aliyekuwa na miaka 27, alifungua mtungi wa gesi na hakuna kilichotoka. Uzito wa mtungi ulionesha kuwa haukuwa mtupu. Waliukata kwa msumeno, wakakuta ndani unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imeungana yenyewe kuwa polima ya kaboni na florini. Asidi haikuuyeyusha na karibu hakuna kilichoshikana nao. Matumizi yake makubwa ya kwanza yalikuwa ya siri: ulitumika katika mitambo ya mradi wa bomu la atomiki, ambako gesi ya urani ilikuwa ikitafuna kila kitu. Mwaka 1945 jina Teflon lilisajiliwa.

Safari ya kutoka bomu hadi yai ilipitia Ufaransa. Mhandisi Marc Grégoire alikuwa akiitumia polima hiyo kwenye zana zake za kuvulia samaki; mke wake, Colette, ndiye aliyemshauri aipake kwenye vyombo vyake vya kupikia. Mwaka 1954 Grégoire aliomba hataza, na mwaka 1956 ikaundwa kampuni ya Tefal. Mwishoni mwa 1960 vikaango hivyo vilikuwa vimeingia madukani Marekani. Hapo ugomvi wa karne nyingi ulionekana kumalizika: yai liliteleza kwenye chombo chenyewe, bila mafuta mengi, bila miaka ya kuutengeneza utando mweusi, na bila ustadi wowote wa mpishi.

Tusiubeze urahisi huo. Kwa mama anayetoka kazini jioni, chombo kinachooshwa kwa dakika moja ni nafuu ya kweli, na kwa anayeshauriwa na daktari apunguze mafuta ni msaada. Aidha, polima yenyewe ikiwa imetulia kwenye kikaango na moto ukiwa wa kiasi, hailishambulii tumbo la mlaji. Hatari yake jikoni inajulikana: ikizidi nyuzi 260 huanza kuharibika, na kikaango kitupu kilichosahauliwa juu ya moto mkali hufika huko kwa dakika chache. Moshi wake huwaua ndege wafugwao ndani ya nyumba. Kwa hiyo watu wanaobishana juu ya kikaango hiki huuliza swali moja tu: je, kitanidhuru mimi ninayekula? Jibu la historia ni kwamba madhara makubwa zaidi yalikuwa kwingine.

Ng'ombe wa Tennant

Ili kuitengeneza Teflon, DuPont ilitumia kemikali ya kusaidia iliyoitwa C8, au PFOA, ambayo ilianza kuinunua kutoka kampuni ya 3M mwaka 1951. Kemikali hiyo karibu yote huondoka kabla kikaango hakijafika dukani. Swali ni ilikoondokea. Kiwanda kikubwa kilikuwa karibu na mji wa Parkersburg, jimboni West Virginia, kando ya mto Ohio, na kemikali ilikwenda mtoni, hewani na jalalani.

Kumbukumbu za ndani za kampuni, ambazo baadaye zilitolewa mahakamani, zinaonesha kwamba tangu mwaka 1961 wataalamu wake walijua kuwa dutu hiyo inakuza maini ya wanyama wa maabara. Mwaka 1981 ilifahamika kuwa ina madhara kwa vijusi vya panya. Kampuni ikawachunguza watoto wa wafanyakazi wake wanawake saba, na wawili kati ya hao saba walikutwa na kasoro za macho. Mwaka 1984 ilipima maji ya bomba ya jamii zinazokizunguka kiwanda na kuikuta kemikali hiyo. Wananchi waliokunywa maji hayo hawakuambiwa.

Aliyelifumbua fumbo hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mfugaji, Wilbur Tennant, ambaye malisho yake yalipakana na jalala la kampuni. Ng'ombe wake walianza kukonda, kutokwa na povu na kufa. Alipoteza zaidi ya 150. Akiwa amechoka kupuuzwa mjini kwake, alimpigia simu wakili Robert Bilott wa Cincinnati, ambaye hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa kuzitetea kampuni za kemikali. Kesi ilifunguliwa mwaka 1999. Mwaka 2001 ikafuata kesi ya uwakilishi ya wananchi waliokunywa maji yale, na mwaka 2004 yakafikiwa makubaliano.

Kilichofuata kinastahili kufundishwa katika kila darasa la siasa. Fedha za makubaliano, dola milioni 70, zingeweza kugawanywa tu. Badala yake zilitumika kuutafuta ukweli: kila mkazi aliyejitokeza kupima damu na kutoa taarifa za afya yake alilipwa dola 400, na katika miaka ya 2005 na 2006 wakajitokeza zaidi ya watu 69,000. Jopo huru la wanasayansi lilichambua taarifa hizo kwa miaka kadhaa. Kufikia 2012 lilikuwa limetaja magonjwa sita yenye uwezekano wa kuhusiana na kemikali hiyo: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, wingi wa kolesteroli, na shinikizo la damu la wajawazito. Mwaka 2017 kampuni zilikubali kulipa dola milioni 671 kwa kesi zipatazo 3,550. Mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliiweka PFOA kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa, na mwishoni mwa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Tennant hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2009.

Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia PFOA kufikia 2015. Mbadala wake, uitwao GenX, ulikutwa mwaka 2017 katika maji ya mto Cape Fear, North Carolina, ambayo wakazi wa huko huyanywa. Jina lilibadilika, mto ukabadilika, na utaratibu ukabaki uleule.

Na sisi je?

Inawezekana msomaji akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Nina sababu mbili za kumkatalia.

Ya kwanza ni kwamba wenzetu wa Parkersburg walikuwa na mahakama zilizoweza kuilazimisha kampuni itoe nyaraka zake, na pamoja na hayo iliwachukua miaka mingi tangu kampuni ilipojua hadi wao walipojua. Nchi isiyopima na isiyouliza itachukua muda gani? Ya pili ni kwamba hatari yetu wenyewe haihitaji kemikali ya kigeni. Vyombo vingi vya kupikia Afrika husubiwa na mafundi wadogo kwa alumini chakavu: vipande vya injini, rediyeta, makopo na mabaki ya umeme vikayeyushwa pamoja. Utafiti wa vyombo vya namna hiyo kutoka Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba vinaachia madini ya risasi kwenye chakula, na risasi huathiri akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwamo, na tatizo likaonekana si la nchi moja.

Lawama hapa isimwangukie fundi. Yeye ndiye wa kwanza kuuvuta moshi wa kalibu yake, na anatumia malighafi aliyonayo kwa sababu wateja wake hawamudu nyingine. Swali ni la sera. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema na nawaunga mkono walioliweka. Lakini katika mjadala wake tumeuzungumzia sana moto na kidogo mno chombo kinachokaa juu ya moto huo. Tukihama kutoka mkaa kwenda gesi, vikaango vyetu navyo vitahama, na vitahamia kwenye kile kilicho rahisi dukani. Nani amekipima? Fundi wa sufuria amepewa elimu gani ya kuchagua chakavu kisicho na risasi? Na tunaponunua vikaango vyepesi kutoka viwanda vya mbali, nani anakunywa maji ya mto ulio kando ya viwanda hivyo?

Yai ni chakula cha watu wote, na ndiyo maana historia yake inafaa kuwafundisha watu wote. Bibi wa Sevilla alijua chungu chake kilitoka wapi. Mwenye kikaango cha chuma aliweza kuutengeneza mwenyewe utando wa chombo chake. Sisi tuna vyombo vinavyoteleza kuliko vyote vilivyowahi kuwapo, na tunavijua kidogo kuliko wote waliotutangulia.

Kuhusu moto, basi, kila mtu abaki na dhehebu lake: wa kingo zilizokauka, wa ute laini, na wa zege. Ladha haina mahakama. Chombo ni jambo jingine, kwa kuwa kina watu nyuma yake. Kabla ya kuuliza kama yai litashika, tujizoeze kuuliza kimetengenezwa kwa kitu gani, kimetengenezwa na nani, na nani anaishi jirani na mahali kilipotengenezwa. Majibu hayo hayapatikani jikoni. Yanadaiwa kwa wenye viwanda na kwa wenye dhamana ya kuvisimamia, na deni lisilodaiwa halilipwi.